Zile euro bilioni 13 za Apple: faini au kodi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma sheria mwaka wa tatu. Darasani tuliambiwa kuwa Margrethe Vestager, aliyekuwa kamishna wa ushindani wa Umoja wa Ulaya, aliipiga Apple faini ya euro bilioni 13. Kamishna mmoja anapata wapi mamlaka hayo? Na fedha zilikwenda Brussels?

JIBU: Marahaba. Haikuwa faini. Agosti 2016 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliamua kwamba Ireland iliipa Apple nafuu ya kodi isiyo halali. Karibu faida yote ya kampuni tanzu mbili zilizosajiliwa huko ilihesabiwa kuwa ni ya "makao makuu" yasiyo na ofisi wala wafanyakazi, kwa hiyo haikutozwa kodi popote. Kwa hesabu ya Tume, mwaka 2014 moja ya kampuni hizo ililipa asilimia 0.005, yaani euro 50 kwa kila faida ya euro milioni moja.

Kifungu cha 107 cha Mkataba wa Uendeshaji wa Umoja wa Ulaya kinakataza msaada wa serikali wa namna hiyo. Anayekivunja ni serikali, naye ndiye huamriwa kudai alichosamehe. Fedha ni za hazina ya Ireland. Ajabu ni kwamba Ireland yenyewe ilikata rufaa, na fedha zikawekwa kwenye akaunti maalumu. Mwaka 2020 mahakama ya ngazi ya chini ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha uamuzi ule. Tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaurudisha, na hapo kesi ikaisha.

Faini ni kama ile ya Google ya 2017, euro bilioni 2.42, kwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni. Hiyo ni chini ya Kifungu cha 102.

Kuhusu mamlaka: uamuzi hupitishwa na makamishna wote. Uchunguzi wenyewe ulifunguliwa Juni 2014 na mtangulizi wa Vestager, Joaquín Almunia. Hata hivyo sipunguzi sifa za Vestager. Mliberali huyu wa chama cha Radikale Venstre alikuwa waziri wa uchumi na mambo ya ndani wa Denmark kuanzia 2011, na mwaka 2012 aliongoza vikao vya mawaziri wa fedha wa Ulaya. Alijua serikali hazikubali kuingiliwa kwenye kodi. Naamini ndiyo maana aliing'ang'ania njia ya sheria ya ushindani, inayojumuisha udhibiti wa msaada wa serikali, ambako Tume haihitaji kura za nchi wanachama.

Kwenye mtihani andika "amri ya kurejesha msaada", kisha utaje Kifungu cha 107 na cha 108, kinachoipa Tume mamlaka ya kusimamia msaada huo.