Maswali na Majibu: Babu Mjerumani Hatafutwi Ujerumani Kwanza

Babu wa babu yake mume wangu alihamia Wisconsin, Marekani, mwaka 1854. Sensa inasema alizaliwa Prussia. Niwaandikie nani huko?

Usimwandikie mtu yeyote kwanza. Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani, ilienea kutoka mto Rhine hadi mpaka wa Urusi, na ubatizo uliandikwa kanisani, kijiji kwa kijiji. Bila jina la kijiji huna daftari la kufungua.

Kijiji hutafutwa Marekani. Tafuta usharika wa Kilutheri au parokia ya Kikatoliki iliyokuwa karibu na shamba lake, uombe ndoa yake, ubatizo wa kila mtoto, na mazishi. Omba picha ya ukurasa wenyewe, si muhtasari uliochapwa. Anayefanya muhtasari huacha kile unachokitaka. Karani wa sensa aliridhika na jina la nchi, lakini mchungaji aliyetoka huko huko mara nyingi aliandika kijiji na wilaya. Ukikuta patupu, wageukie wasimamizi wa ubatizo. Hao aghalabu ni ndugu au watu wa kwao, na huenda mazishi yao yakataja mahali. Watu walihama kwa makundi.

Jina likipatikana, litazame katika kamusi ya Meyer ya mwaka 1912, inayoorodhesha miji na vijiji vya Ujerumani, ujue kama kijiji kilikuwa na kanisa lake. Angalia pia wilaya: Neukirchen na Neustadt ziko nyingi.

Jina letu lilibadilishwa Ellis Island walipofika mwaka 1881, sivyo?

Sivyo. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, ilifunguliwa mwaka 1892. Hata baada ya hapo, makarani walihakiki orodha iliyokuja na meli. Hawakuwabatiza watu upya. Majina waliyabadilisha wenyewe baadaye. Naomba swali hili lipumzike.

Orodha za abiria walioondokea bandari ya Bremen ziko wapi?

Nyingi hazipo. Bremen yenyewe ilikuwa ikizitupa za zamani, na vita vikamaliza nyingine. Za Hamburg, 1850 hadi 1934, zipo. Wa Bremen mtafute kwenye orodha za kufika Marekani, zinazoanzia 1820.

Nimepata ubatizo wa Johann Müller, mwaka ni ule ule. Nimuweke kwenye mti wa ukoo?

Hapana! Nyumba moja iliweza kuwa na Johann Georg, Johann Peter na Johann Adam, kila mmoja akiitwa kwa jina la pili. Tena soma mazishi ya miaka inayofuata, kwa sababu mtoto akifa jina lake lilipewa mdogo wake. Wapo waliojaza vizazi vitano juu ya mtoto aliyezikwa akiwa na wiki tatu, na wengine wakanakili.

Kusanya familia nzima: ndoa ya wazazi, watoto wote, vifo. Mama akiandikwa Müllerin, ukoo wake ni Müller. Na jihadhari na Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani: herufi "e" hufanana na "n". Andika jina lako la ukoo kwa mwandiko huo mara kadhaa kabla hujafungua daftari, jicho litalizoea.

Tuna kitabu cha ukoo cha mwaka 1909 kinachosema tulitoka kwa makabaila. Kiaminike?

Kiamini kwa watu ambao mwandishi aliwajua: watoto, wajukuu, mashamba. Sura ya Ulaya, yenye ngome na ndugu watatu waliovuka bahari pamoja, ichukue kama uvumi hadi daftari la kanisa liithibitishe. Na msinunue nembo zinazouzwa kwa jina la ukoo. Nembo ni ya familia fulani, si ya kila mwenye jina hilo.

Madaftari yako mtandaoni bure?

Ya Kikatoliki jaribu Matricula, bure. Ya Kiprotestanti jaribu Archion, kwa malipo. Si majimbo yote yamo, na kwa kawaida hutafuti kwa jina. Unasoma ukurasa kwa ukurasa. Ofisi za serikali usizisumbue kwa vizazi vya kabla ya Januari 1876, isipokuwa mahali kama Prussia, iliyoanza Oktoba 1874, na maeneo ya magharibi ya Rhine, ambako Wafaransa walianzisha uandikishaji mwaka 1798.