Nikiwaonyesha picha za mashujaa, watajitolea?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo chuo hapa Mtwara mwaka wa pili, ni katibu wa kikundi chetu cha kusafisha ufukwe kule Mikindani. Juzi tumepitisha karatasi madarasani watu wajiandikishe, imerudi na majina manne na mawili ni ya wanakamati wenyewe. Mshkaji wangu anasoma saikolojia kaniambia kabla sijaomba niwaonyeshe kwanza picha au maneno ya mashujaa, eti akili inajitegesha yenyewe mtu anakubali bila hata kujua. Ni kweli? Na si kuwalaghai wenzangu? – Katibu, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo kitu ipo, wataalamu wanaiita praimingi, na we mwenyewe unaijua, ukipita mahali ukasikia harufu ya korosho zinakaangwa unajikuta ushamkumbuka bibi yako kabla hujaamua kumkumbuka. Kitu kidogo kimegusa akili, kinachokuja nyuma yake kinakuta njia ishafunguliwa.

Na mshkaji wako hajaitoa hewani. Mwaka 2005 Leif Nelson na Michael Norton wa Marekani waliwaambia wanafunzi wawafikirie mashujaa wa hadithi kwa ujumla, wengine wakaambiwa wamfikirie Superman peke yake, basi wale wa mashujaa kwa ujumla wakawa tayari zaidi kujitolea na hata baada ya siku 90 tofauti ilikuwa bado inaonekana, ila wale wa Superman walirudi nyuma kwa sababu ukijipima na Superman unajiona hutoshi. Kwa hiyo ukibandika picha ya Mwalimu Nyerere pale ubaoni unaweza ukamtisha mtu badala ya kumvuta. Bora picha ya wenzao wa darasani, suruali zimekunjwa mpaka magotini, mkononi kiroba cha chupa za maji na nyavu zilizochanika.

Lakini usiegemee hapo tu. Kuna utafiti wa John Bargh wa 1996, New York, wanafunzi walipewa maneno yanayohusu uzee halafu wakatembea polepole kwenye korido, dunia nzima ikausimulia, 2012 wakaurudia Brussels wakapima muda kwa vifaa vya mwanga na polepole haikuonekana, ikaja tu pale wasimamizi wenyewe walipokuwa wameshaambiwa waitegemee. Mwaka huohuo Daniel Kahneman, mwenye Nobel kabisa, akawaandikia barua wataalamu wa fani hiyo akiwataka wazikague upya kazi zao. Ndo maana mimi nisingeweka kikundi chote juu ya picha.

Ninaoufikiria sana ni wa John Darley na Daniel Batson, 1973. Walichukua wanafunzi 40 wa teolojia pale Princeton, baadhi wakaambiwa nenda jengo la pili ukahubiri habari ya Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama kumsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani, na wao njiani wakawekewa mtu kainama mlangoni anakohoa. Hapo akili ishategeshwa kwa mfano wenyewe jamani! Lakini mahubiri hayakuleta tofauti ya maana, kilicholeta tofauti ni haraka: walioambiwa wamechelewa wakasaidia asilimia 10, wasio na haraka asilimia 63.

Sasa nikuulize, karatasi yako ilipita lini? Kama ilipita wiki ya testi, au Oktoba watu wanaitwa nyumbani kuokota korosho, na juu imeandikwa tu "jitolee" bila siku wala saa, hapo hata malaika asingejiandikisha. Andika Jumamosi, saa moja mpaka saa tatu asubuhi, gari ya kurudi mjini ipo.

Halafu uliza kabla ya kuomba. Steven Sherman, 1980, aliwapigia watu simu akiwauliza tu, wangeombwa masaa matatu ya kuchangisha pesa za saratani wangekubali? Siku chache baadaye walipoombwa kweli wakakubali asilimia 31, ambao hawakuulizwa kwanza ni 4. Pitia darasani wiki moja kabla uwaulize hivyo hivyo, uso kwa uso, sio karatasi.

Kuhusu ulaghai umeniuliza swali zuri sana na nakupongeza. Kipimo changu ni hiki, je unaweza kumwambia mwenzako wazi kwa nini umemuonyesha ile picha? Kama unaweza, endelea. Kama unataka akubali kabla hajashtuka, acha, maana Jumamosi hatakuja, na ya pili ndo kabisa.