Ukiipenda timu ya hoki ya chuo, wapende na wanaoondoka

Hii naandika kwa ajili ya ndugu zangu mliohamia huku Maine, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na sisi Watanzania na Wakenya wachache, ambao kila baridi ikianza mnanipigia mnaniuliza hivi wewe ile hoki ya barafu unaangaliaga nini, mbona hata kile kisahani wanachokipiga kwa fimbo hakionekani. Nimeshawajibu wengi kwa voisi za WhatsApp, sasa acha niandike mara moja, na anayetaka kujua kwa nini mtu aliyekulia Tanga kwenye joto lile anaendesha gari kwenye theluji Ijumaa usiku kufuata vijana wa chuo asome mpaka chini.

Timu ninayoizungumzia ni ya Chuo Kikuu cha Maine, kiko Orono, pua na mdomo na Bangor, inaitwa Black Bears na inacheza Alfond Arena, uwanja unaochukua watu elfu tano na kitu. Jimbo letu halina timu ya NHL, ile ligi kuu ya hoki ya kulipwa, halina NBA, halina NFL, kwa hiyo hao vijana wa chuo ndio kila kitu kwa watu wa huku, mkulima wa viazi kutoka Aroostook, fundi wa boti, nesi, profesa, wote utawakuta jukwaa moja wamevaa bluu. Msimu unaanza Oktoba, mara nyingi wanacheza Ijumaa halafu Jumamosi tena na timu ile ile, vipindi vitatu vya dakika 20, na kama unajua mpira wa miguu hutapata tabu: kuna kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu, ukicheza rafu unakaa nje dakika 2 wenzako wanabaki pungufu. Siku ya kwanza hayo yanakutosha.

Sasa shida ya timu ya chuo ni moja na ndiyo inayowakatisha tamaa wageni wengi, ukishamzoea mchezaji ameondoka. Simba au Yanga mchezaji akiwa mzuri anaweza kukaa hata miaka kumi mpaka watoto wanaitwa jina lake, huku haiwezekani, kijana ana misimu minne basi, na akiwa mzuri kweli NHL inamchukua hata kabla ya hiyo minne, na siku hizi kuna uhamisho wa wazi, anaingiza jina lake kwenye portali, yaani orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama, mwezi wa nne, mwezi wa kumi unamwona na jezi ya chuo kingine. Juu ya hapo kuanzia msimu wa 2025-26 wamefunguliwa mlango hata waliocheza ligi kubwa za vijana za Kanada, zamani walikuwa hawaruhusiwi kabisa kuja kwenye vyuo vya Marekani, kwa hiyo kupishana kumezidi. Mtu anayefuata jezi tu kila baada ya miaka miwili mitatu anajikuta anashangilia watu asiowajua, anachoka anaacha. Mimi sijachoka, na sababu ni kwamba nawafuata watu, hata wakishavua jezi.

Ushauri wangu kwa mgeni ni huu, siku ya kwanza usijaribu kuwajua wote, chagua mmoja wa mwaka wa kwanza, na kama unaweza chagua kipa. Kwa nini kipa? Kwa sababu wengine wote wanaingia na kutoka kila baada ya sekunde arobaini hivi, wanabadilishana mpaka macho yanakuchanganya, lakini kipa yupo pale pale, na ukimwangalia yeye utaanza kujua kisahani kiko wapi bila hata kukiona, maana mabega yake yanakifuata, akijikunja kidogo upande wa kulia ujue kisahani kiko kona ya kulia, akisimama akanywa maji ujue hatari imepita. Macho yangu mimi yalifunguka hivyo.

Mfano mzuri ni Jeremy Swayman. Kijana wa Anchorage kule Alaska, Boston Bruins wa NHL walishamchagua kwenye drafti ya 2017, pale timu za NHL zinapogawana vijana, na msimu huo huo akaingia Orono. Timu wakati ule haikuwa tishio, kuna michezo alikuwa anapigiwa mashuti mpaka unamwonea huruma, na yeye anadaka tu. Mwaka 2020 akapewa tuzo ya Mike Richter ya kipa bora wa vyuo nchi nzima. Halafu mwezi Machi ile ile korona ikafunga kila kitu, mtoano ukafutwa, na ndivyo chuo kilivyoisha kwake, hakukuwa na mechi ya mwisho wala ya kuagana, akasaini Boston akaenda. Aliyekuwa anafuata jezi tu hadithi yake na Swayman iliishia hapo. Sisi tulioendelea tumeona akikumbatiana na mwenzake Linus Ullmark baada ya kila ushindi mpaka ikawa maarufu, tumeona Oktoba 2024 akisaini miaka minane kwa dola milioni 66, na Mei 2025 kule Stockholm tumemwona golini kwenye fainali ya kombe la dunia, Marekani wakiifunga Uswisi 1-0 muda wa nyongeza, ubingwa wao wa kwanza wa mashindano yale tangu 1933. Mimi siku ile nilipiga kelele peke yangu sebuleni kama aliyefunga ni mtoto wa shangazi.

Jambo la pili, na hili wageni wengi wanaliruka, wajue waliotangulia. Ukiingia Alfond utaona maandishi ya 1993 na 1999, miaka waliyochukua ubingwa wa vyuo nchi nzima, usipite tu. Mwaka 1993 timu ile ilicheza msimu mzima ikapoteza mechi moja, narudia moja, ushindi 42, sare 2. Ndani yake alikuwepo Paul Kariya, kijana kutoka upande wa Vancouver ambaye baba yake ana asili ya Kijapani, mwaka wa kwanza tu chuoni akamaliza na pointi 100, mabao 25 na pasi za mabao 75, akachukua tuzo ya Hobey Baker ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, na hakuna wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ameshawahi kuichukua kabla yake. Nahodha alikuwa Jim Montgomery. Fainali Milwaukee dhidi ya Lake Superior State, wanaingia kipindi cha tatu wako nyuma 4-2, Montgomery akapiga mabao matatu ndani ya dakika zisizofika tano na yote matatu pasi inatoka kwa Kariya, wakashinda 5-4. Wazee wa Bangor wanakusimulia mabao yale moja moja kwa mikono, huyu alikuwa hapa, yule kule, wanatumia vikombe vya kahawa kama wachezaji. Kocha wao Shawn Walsh alifariki Septemba 2001 kwa kansa ya figo akiwa na miaka 46, na mpaka leo ukitaja jina lake mbele ya wazee hao wanapunguza sauti.

Na hapa ndipo utamu wa kufuata waliotoka unapoonekana. Montgomery alicheza, akastaafu, akawa kocha, akaipa Denver ubingwa wa vyuo 2017, akapanda NHL kufundisha Dallas. Desemba 2019 wakamfukuza, na baadaye kidogo mwenyewe akatangaza hadharani kwamba ameingia kwenye matibabu ya pombe. Wapo watu waliomzika siku ile. Mashabiki wa Orono ninaowajua mimi hawakumzika, walikuwa wanaulizia hali yake kama unavyoulizia ndugu aliyelazwa. Mwaka 2022 Boston wakampa timu, na msimu ule ule wa kwanza akashinda mechi 65, hakuna timu iliyowahi kufika hapo katika historia ya NHL, na tuzo ya kocha bora ikawa yake. Kumbuka golini pale mmojawapo ni Swayman. Kwa hiyo wakati Bruins wanacheza mechi ya saba na Florida kwenye mtoano wa 2023, kocha ni wa Orono, kipa ni wa Orono, wamepishana chuoni karibu robo karne, na wakatolewa muda wa nyongeza 4-3. Niliangalia nyumbani kwa jamaa wa kazini, hakuna aliyeongea kwenye kile chumba kwa muda mrefu, na walikuwemo watu ambao Bruins wala hawaipendi. Siku hizi anafundisha timu ya St. Louis, na sisi tumehama naye.

Lakini msije mkadhani kufuata wachezaji wa zamani ni kufuata waliotajirika. Wengi hawafiki NHL kabisa. Mbele yetu uwanjani anakaa mama mmoja mtu mzima, ana daftari la jalada gumu lililochakaa kwenye pembe, kila mchezaji anayemaliza anamwandikia mistari yake, jina, mji aliotoka, alisoma nini, yuko wapi sasa. Aliniruhusu nilishike. Kuna aliyeandikwa Ujerumani ligi daraja la pili, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine injinia wa barabara, mwingine anafundisha watoto wadogo kuteleza, na kuna jina moja pembeni ameandika tu "mtoto wa kike, wa pili". Nilimwuliza hizi habari anazipataje, akasema anawaandikia kadi za Krismasi na wao wanajibu. Tangu siku ile na mimi nina daftari langu, na ndiyo ushauri ninaousisitiza kuliko yote kwenye makala hii, kuwa na daftari au hata noti kwenye simu, maana tovuti zitakupa mabao na mechi tu, hazitakwambia kwamba yule beki wa namba sita sasa ni nesi.

Halafu adabu. Hawa ni wanafunzi, wana mitihani, wana miaka ishirini na kidogo. Siku hizi kwa sababu ya kubeti kijana akikosa bao anafungua simu anakuta matusi kutoka kwa mtu ambaye hata hajawahi kufika Orono. Usiwe huyo mtu, na kama rafiki yako ndiye huyo mwambie. Na aliyehama kwa portali akirudi na jezi ya wapinzani, najua uwanja mzima unazomea na ni sehemu ya mchezo, mimi sizomei. Kijana ameangalia nafasi yake ya kucheza, ameangalia pesa ambazo sasa zinaruhusiwa kulipwa, ameamua. Sisi wenyewe tumehama nchi kwa sababu hizo hizo, tutamzomea kwa lipi?

Na ukishawajua waliotangulia, ushindi unakuwa na ladha nyingine. Machi 2025 Maine walichukua ubingwa wa Hockey East, ligi ya vyuo vya kanda yetu, pale uwanja wa TD Garden Boston, wakaipiga UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, 5-2, mara ya mwisho walikuwa wameuchukua 2004. Tuliondoka Bangor mapema tukajaa kwenye gari, na kule ndani nikaona wanaume wazima, vifua vipana, wamevaa jezi zilizofifia rangi za enzi za Walsh, baadhi yao waliwahi kucheza, wanalia bila kuficha. Wiki iliyofuata Penn State wakatutoa kwenye mashindano ya taifa 5-1, ikauma, lakini Boston ilikuwa imeshatokea.

Timu ya wanawake ya chuo nayo inacheza hapo hapo Alfond, tiketi hazigombaniwi, na kama una binti mdogo anza naye huko, atakaa karibu kabisa na kioo. Sasa wana na ligi yao ya kulipwa, PWHL, ilianza Januari 2024, kwa hiyo na wao wanaotoka chuoni wana pa kufuatwa.

Ndugu zangu wa Lewiston nina neno lenu, uwanja wa hoki mnaoupita kila siku pale mjini ndipo Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston Mei 1965 raundi ya kwanza, Ali yule yule aliyekuja kupigana Kinshasa 1974. Wakongomani wengi nikiwaambia hawaamini. Nendeni mkaangalie.

Na mlioko Portland ambao Orono ni mbali, mwendo wa saa mbili na kitu kwenye barabara ya barafu si mchezo, mna Maine Mariners hapo Cross Insurance Arena. Ni ligi ya ECHL, ngazi mbili chini ya NHL, na huko ndiko vijana wengi waliotoka vyuoni wanatafuta maisha. Angalia orodha ya wachezaji kwenye tovuti yao, tafuta waliotoka vyuoni, chagua mmoja uanze naye, haijalishi chuo gani. Anayetaka kuja Orono kabisa aniandikie mapema, kwenye gari langu kuna nafasi, ila mechi za nyumbani za Oktoba na zile za New Hampshire tiketi zinaisha haraka, na lete koti hata kama nje kumekuwa na jua.