Wasomaji wanauliza: Mama kaombwa aingie kwenye utafiti, asaini?

Barua za safari hii nyingi zimeangukia sehemu moja, zile habari za "utafiti mpya umegundua" ambazo kila mtu anazipata kwenye simu kila asubuhi na haelewi azifanyie nini. Nimechagua chache. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu, na ndefu nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu amelazwa, mapafu yameshambuliwa vibaya na anapumulia oksijeni. Jana daktari wa wodi kaja na fomu, anasema kuna utafiti wa dawa na kompyuta ndo itaamua nani apewe nani asipewe. Mdogo wangu kakasirika kweli kweli, anasema mama hawezi kufanywa panya wa maabara. Mimi ndo mkubwa, wote wananisubiri mimi. Asaini au asisaini?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kabla ya yote, kama mama ana fahamu zake na anaongea, fomu ni yake, asomewe yeye kwa lugha anayoielewa na aulize yeye, nyie mkae pembeni mumsaidie. Najua kwenye familia zetu mkubwa ndo anasema lakini hili la mwili wake mwachieni.

Sasa hiyo kompyuta inayomkera mdogo wako. Inapanga watu kwa bahati nasibu kwa sababu madaktari wenyewe hawajui dawa ile inasaidia au la, wangejua wangempa mama leo leo bila fomu yoyote. Ukimwachia daktari achague, na daktari ni binadamu, atawapa wale anaowaonea huruma zaidi, au wale anaoona bado wana nguvu, halafu mwisho wa siku ukihesabu waliopona huwezi kujua ni dawa ilifanya kazi au ni kwamba walikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Mkumbuke mwaka 2020 corona ilivyoingia. Hidroksiklorokwini watu waliigombania, wengine waliinunua wakaiweka ndani kabisa. Uingereza wakaanzisha utafiti mkubwa unaitwa RECOVERY, wagonjwa waliolazwa wakapangwa kwa bahati nasibu hivyo hivyo kama mnavyoambiwa nyie, na ile dawa ya kugombaniwa ikaonekana haisaidii waliolazwa. Ila kulikuwa na nyingine, deksamethasoni, dawa ya miaka mingi ambayo hamna mtu alikuwa anaipigia kelele, na hii kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia ilishusha vifo kutoka kama 41 kati ya 100 mpaka 29. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni ya kawaida kutoka 26 mpaka 23. Na kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa haikuwasaidia kitu. Hivi kuna mtu angeweza kukisia hayo matatu kwa macho? Yalijulikana kwa sababu kuna watu waliokuwa wamelala kitandani kama mama alivyolala sasa hivi, wakaletewa fomu, wakakubali.

Na hili mwambie mdogo wako taratibu, maana yeye anawaza kwamba asiyepewa kadhulumiwa. Kulikuwa na utafiti unaitwa FEAST, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011. Watoto wenye homa kali ambao mzunguko wa damu umeanza kushindwa, mkono wa baridi, ukibonyeza kucha damu inachelewa kurudi. Kila mahali madaktari walifundishwa mtoto wa hivyo apewe dripu nyingi kwa haraka. Watoto 3,141 wakapangwa, wengine dripu ya haraka, wengine matibabu yote mengine bila ile dripu ya haraka. Ndani ya saa 48 kwenye kundi lisilopewa walifariki 7 kati ya 100, waliopewa walifariki kama 10 au 11. Kamati huru inayofuatilia usalama ilivyoona hizo namba ikashauri wasiendelee kuandikisha watoto, na ikawa hivyo. Tofauti ya watoto watatu kwenye mia, daktari mmoja kwenye wodi moja hawezi kuiona hata afanye kazi miaka 20, na nia yake yote ni njema. Roho inauma nikifikiria wangapi walipewa kabla haijajulikana, na nikifikiria wazazi waliokubali mpaka ikajulikana nawaheshimu mno.

Kwa hiyo ulizeni. Matibabu anayopata sasa yataendelea vile vile? (lazima jibu liwe ndiyo). Kamati ya maadili imeupitisha huu utafiti? Akipata madhara nani anamtibu na kwa gharama ya nani? Akichoka kesho akasema natoka, atatibiwa kama kawaida? Mpigie nani usiku kukiwa na tatizo? Halafu ombeni nakala ya fomu mkae nayo. Kama mtu anawaharakisha, anawanyima nakala, au anawaahidi kwamba dawa itamponya, kataeni bila aibu yoyote, anayeahidi kupona kwenye jaribio hasemi kweli. Ila majibu yakiwa mazuri, mimi mama yangu mzazi ningemshauri asaini.

SWALI: Dokta habari. Mzee wangu ana miaka 74, presha iko sawa, hajawahi kuumwa moyo wala kupata kiharusi. Anakunywa asipirini ndogo kila siku miaka mingi "kulainisha damu". Mwenzake kamwambia aache. Ni kweli?

JIBU: Mwenzake ana hoja. Utafiti wa ASPREE wa Australia na Marekani ulichukua wazee 19,114, wengi miaka 70 na kuendelea, wazima wa moyo kama mzee wako, nusu wakapewa asipirini miligramu 100 na nusu kidonge tupu kinachofanana nacho. Matokeo yalitoka 2018, baada ya karibu miaka mitano asipirini haikuwaongezea muda wa kuishi na afya zao, na waliotokwa damu vibaya, tumboni na hata kichwani, walikuwa karibu 4 kati ya 100 dhidi ya karibu 3 kwa waliokunywa kidonge tupu.

Aende na vidonge vyake kwa daktari wake waongee, asitupe tu. Na wewe msomaji mwingine unayesoma hapa, kama ULISHAPATA mshtuko wa moyo, au kiharusi cha damu kuganda, au uliwekewa kile kibomba kidogo cha kupanua mshipa wa moyo, jibu hili halikuhusu, usiiache dawa yako. Narudia, usiiache. Hapo ndo habari za tafiti zinapoua watu, mtu anasoma ya mwenzake anadhani ni yake.

SWALI: Nimesoma sindano za semaglutaidi, zile za kupunguza mwili, zinapunguza matatizo ya moyo kwa asilimia 20. Mimi nina kilo nyingi ila siumwi popote. Si bora nianze tu?

JIBU: Hiyo 20 ni ya kweli, inatoka kwenye utafiti wa SELECT wa 2023, watu 17,604. Ila ifungue uone ndani kuna nini. Katika kama miaka mitatu na zaidi kidogo, waliochomwa sindano tupu 8 kati ya 100 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo. Waliochomwa dawa, 6 na nusu. Kutoka 8 mpaka 6.5 hapo ndo asilimia 20 inapopatikana, yaani kwenye watu 100 ni kama mtu mmoja na nusu ndo kaokolewa na tatizo, wale wengine wangekuwa vile vile na dawa au bila dawa. Sisemi ni kidogo! Kwa mtu mwenye moyo uliokwisha kuumia ni kitu kikubwa sana, nimefurahi kukiona. Lakini wote walioandikishwa walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa, na walikuwa na miaka 45 kwenda juu. Wewe umesema huumwi popote, kwa hiyo hiyo namba haijapimwa kwa mtu kama wewe.

Kitu kingine hawaandiki kwenye vichwa vya habari. Utafiti mwingine wa dawa hiyo hiyo ulifuatilia watu baada ya kuacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito walioupunguza. Kwa hiyo unapouliza "nianze" jiulize pia kama uko tayari kuendelea nayo miaka, na kichefuchefu chake, na gharama yake. Kapime kwanza presha, sukari na mafuta kwenye damu, halafu ndo tuongee.

SWALI: Dokta naomba unisikilize maana wa kwanza hakunisikiliza. Nilipewa statini za kushusha kolesteroli, misuli ikaanza kuuma, nikaacha, ikapoa. Daktari ananiambia eti ni mawazo yangu. Mimi si mwongo.

JIBU: Si mwongo dada yangu, na hukutakiwa kujibiwa hivyo.

Kuna utafiti mdogo naupenda sana, SAMSON, wa Uingereza, 2020. Walitafuta watu 60 kama wewe kabisa, walioacha statini kwa sababu ziliwasumbua. Kila mmoja akapewa chupa za mwaka mzima, nne zina statini, nne zina vidonge tupu, na nne hazina kitu ndani, akapangiwa mwezi huu chupa ipi mwezi ujao ipi, na kila siku anaandika kwenye simu anavyojisikia, kuanzia 0 (hana shida yoyote) hadi 100 (hali mbaya kupita zote). Miezi ya chupa bila kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini 16. Na miezi ya vidonge tupu, ambavyo havina dawa yoyote, 15.

Yaani maumivu yalikuwepo, waliumia kweli, wengine walishindwa kumaliza mwezi, ila sehemu kubwa ililetwa na tendo lenyewe la kumeza kidonge huku ukijua kinaweza kukuumiza. Mwili unasubiri maumivu na maumivu yanakuja. Hilo ni tofauti kabisa na kusema unajitungia, na kinachonigusa ni kwamba hawa watu walionyeshwa chati zao wenyewe, sio kukaripiwa, na nusu yao wakarudi kwenye dawa. Kwa hiyo muombe daktari mjaribu tena kwa dozi ndogo au aina nyingine, uandike kila siku. Ila ukiona misuli imelegea mpaka kunyanyuka kwenye kiti ni shida, au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, acha dawa na nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mkunga. Nimesikia kuna shuka la plastiki la kupimia damu baada ya kujifungua, wenzangu wanasema sisi wazoefu tunaona kwa macho inatosha. Nimwambie nini inchaji wangu?

JIBU: Asante kwa hii barua, nimeiweka mwisho ili niipe nafasi.

Utafiti unaitwa E-MOTIVE, ulitoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kawaida. Kwenye hospitali nusu waliendelea na ukadiriaji wa macho. Nusu nyingine wakawekewa lile shuka, linakaa chini ya mama likiishia kwenye mfuko wenye mistari, na mistari miwili ndo ya hatari, mililita 300 na mililita 500. Ikifika 500, au ikifika 300 na mama mwenyewe ana dalili mbaya, mapigo yanakimbia, presha inashuka, basi mkunga hasubiri, anafanya vyote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuufanya ujikaze, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, kukagua damu inatoka wapi na kuita msaada. Zamani ilikuwa tunajaribu kimoja, tunangoja, tunajaribu kingine, na mama anaisha mikononi mwetu huku tunangoja.

Matokeo haya hapa. Kwa macho walitambua karibu nusu tu ya waliokuwa wanatokwa damu kupita kiasi. Kwa shuka, 93 kati ya 100. Na waliofikia hali mbaya kabisa, damu lita moja na zaidi, au upasuaji wa kuzuia damu, au kifo, walishuka kutoka 4.3 kati ya 100 hadi 1.6.

Wenzako waambie hao waliokosa nusu walikuwa wakunga na madaktari wazoefu pia. Damu ikishanywewa na shuka za kitanda, ikachanganyika na maji ya uzazi, ikaingia chini ya mgongo, jicho la mtu yeyote linadanganywa. Kwa inchaji anza na zile namba mbili, nusu na 93, halafu mwombe mjaribu kwenye zamu moja kwanza. Hata kabla shuka halijafika kuna kitu mnaweza kukifanya wiki hii: zile dawa zote, sindano, mirija na dripu ziwekwe kwenye boksi moja ndani ya chumba cha kujifungulia, lisifungwe na ufunguo, na kila zamu inapoanza mtu mmoja alikague alijaze.