Tukiondoa bahari, itakuwaje?

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la pili mwaka huu, usifanye nilivyofanya mimi mwaka wangu wa kwanza. Niliandika ubaoni sehemu za hadithi: wahusika, mandhari, tatizo, matukio, suluhisho. Watoto wakanakili. Kesho yake nikauliza, "Wahusika ni nini?" Wakaitikia kwa sauti moja, neno kwa neno. "Haya, katika hadithi ya jana wahusika ni nani?" Darasa zima kimya.

Siku hizi natanguliza hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Nasimulia Kima na Papa, ile ya pwani iliyochapishwa tangu 1870 na bado haijachuja. Papa anamwalika kima kwao, anambeba mgongoni, na walipofika katikati ya bahari anamwambia: sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu, ungesema mapema! Moyo nimeuacha mtini. Papa anamrudisha auchukue, na kima anapona.

Nasimulia bila kitabu, niwaone macho. Sakafuni nachora mstari wa chaki, huku mti, kule maji. Vifuniko viwili vya soda ndio kima na papa. Mtoto mmoja anavisogeza, na akimrudisha kima mtini kabla ya wakati, wenzake wanampigia kelele. Hapo wameshajua mpangilio wa matukio, nawe hujautaja.

Swali ninalolitegemea kuliko yote ni la kuondoa. "Tukiondoa bahari, tuseme wako shambani, itakuwaje?" Waache wafikiri, usiwadokeze. Msichana mmoja ambaye muhula mzima hakuwa akinyoosha mkono alisema, "Kima atakimbia tu." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Basi hakuna hadithi." Nilimwomba arudie wote wasikie. Ndipo nikaandika ubaoni neno mandhari, maana sasa walikuwa wameona kazi yake: maji ndiyo yanayombana kima.

Wahusika wasikuchukulie muda, watoto huwashika upesi. Tatizo ndilo gumu. Wengi watakuambia, "Tatizo ni papa mbaya." Usimkemee, ila usiishie hapo. Muulize kima anataka nini, na kinachomzuia ni nini. Kisha muulize papa naye anataka nini. Nimeona watoto wakimwonea huruma papa kwa sababu ya sultani wake, na mjadala ukapita kengele ya mapumziko.

Nakusihi jambo moja: usipime uelewa wa hadithi kwa maandishi peke yake. Mtoto anayehangaika na silabi anaweza kukusimulia kisa chote, mwanzo hadi mwisho, bila kuacha kitu. Ukimpa sifuri kwa sababu daftari ni tupu, umempima mwandiko.

Ijumaa nawatuma wakamwombe bibi, mama au kaka hadithi moja, waje nayo Jumatatu. Wengine huja na katuni ya kwenye televisheni, naipokea pia. Kopo la vifuniko liko mezani. Anayesimulia anachagua vyake, na wenzake ndio wanaomuuliza: tukiondoa hiki, itakuwaje?