Maswali ya Wasomaji: Kongamano la Kibiashara Ndani ya Mji wa Kale

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni katibu wa chama cha mawakala wa forodha. Kongamano letu la kila mwaka limekuwa likifanyika katika hoteli kubwa za hapa Nairobi, lakini safari hii wanachama wameazimia twende Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa siku tatu, tukiwa watu wapatao 180. Baadhi ya wanakamati wanapinga wakisema mji ule hauna kumbi wala barabara. Je, jambo hili linawezekana, na tuanzie wapi?
*Bi. Katibu, Eneo la Viwanda, Nairobi*

JIBU: Bi. Katibu, linawezekana, na idadi yenu ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema hivyo. Mngekuwa 500 ningewashauri mbaki Nairobi. Hata hivyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, kamati yenu ikubaliane kwamba katika mji wa namna ile ratiba hufuata majengo. Sisi wa Nairobi tumezoea kinyume chake. Jiji letu lilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta lilipokamilika mwaka 1973, mwaka uleule ambao Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mkutano wao wa mwaka hapa, tumekuwa tukidhani kwamba kongamano ni ukumbi mmoja mkubwa, lifti na uwanja wa kuegesha magari. Mkitafuta vitu hivyo katika vichochoro vya Shangani au Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe, wanakamati wanaopinga watakuwa wamesema kweli.

Tazameni jinsi nyumba zenyewe zilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu nyingi za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi pana, vyumba vingi vya nyumba za kale za pwani ni virefu lakini upana wake hauzidi sana mita tatu. Chumba kama hicho kinawafaa watu 15 waliozunguka meza moja, wala hakifai kwa safu za viti zinazotazama jukwaa. Kwa sababu hiyo ningeviweka vikao vya pamoja viwe vichache, asubuhi ya kwanza na mchana wa mwisho, katika ukumbi wa mojawapo ya hoteli kubwa zilizoko ufukweni mwa mji, na kazi yenyewe, yaani mijadala ya ushuru, ya mizigo inayokwama bandarini na ya madeni ya wateja, ningeigawa katika makundi madogo yanayokutana kwenye hoteli na nyumba zilizo mwendo wa dakika chache kutoka moja hadi nyingine. Naamini kwa dhati kwamba wafanyabiashara husemezana ukweli katika kundi la watu 15 kuliko mbele ya kipaza sauti, na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuunga mkono safari yenu. Mandhari ya bahari ni nyongeza tu.

Kwa hafla ya jioni, ulizieni Ngome Kongwe, ambayo ndani yake mna uwanja wa wazi wenye ngazi za kukalia. Tamasha la Sauti za Busara na Tamasha la Filamu la Zanzibar yamekuwa yakifanyika humo, kwa hiyo watu wenu 180 watatoshea bila shida. Kwa vile uwanja hauna paa, epukeni masika, yaani kati ya Machi na Mei, na hakikisheni kwamba tarehe zenu haziangukii wiki ya tamasha, kwani vyumba vya kulala huwa vimejaa.

Nawasihi sana mlichukulie kwa uzito suala la usalama wa majengo. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wakapoteza maisha. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini hadhi hiyo haiipi sakafu nguvu. Mwenye nyumba akiwaambieni kwamba chumba cha juu kinabeba watu 60, mwombeni awaonyeshe kwa maandishi ni nani aliyekikagua na lini, na akishindwa, kaeni chini uani. Msipigilie misumari wala kutoboa kuta ili kutundika mabango. Simamisheni mabango kwa fremu zake, na kwa jambo lolote linalogusa sura ya jengo, wasilianeni mapema na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Kuta hizo nene, ambazo nyingi hukaribia nusu mita, hupunguza joto lakini pia huzuia mawimbi ya simu na intaneti. Fundi wenu apime mtandao ndani ya kila chumba cha mkutano, mlango ukiwa umefungwa, asitegemee vipimo vya mapokezi. Kuhusu umeme, Unguja huupokea kutoka Tanzania Bara kwa kebo inayopita chini ya bahari, na hitilafu ya kebo hiyo iliwahi kuiacha bila umeme kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo nyingine iliwekwa mwaka 2013 na hali ni tofauti sasa, lakini bado mnapaswa kuuliza jenereta iko wapi, kwa kuwa jenereta inayonguruma katika kichochoro chembamba itazima sauti ya msemaji wenu na kuwakosesha majirani usingizi.

Kuhusu malazi, jiandaeni kukaa katika hoteli tano au sita ndogo. Mteueni mtu mmoja tu wa kugawa vyumba, na wazee pamoja na wenye ulemavu wapewe vyumba vya chini kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa maana ngazi za nyumba zile ni za mwinuko mkali na lifti ni adimu. Mabasi yatawashusha pembezoni, Forodhani au Darajani. Kutoka hapo ni miguu, na mizigo ipelekwe na wachukuzi wa mikokoteni ambao mmekubaliana nao bei siku iliyotangulia. Kila mjumbe awe na hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Jambo ambalo kamati za Nairobi husahau ni kwamba pale watu wanaishi. Siku ya Ijumaa msipange kikao chochote kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, na vazi la mjumbe anayepita mtaani liwe la heshima. Msiende katika Ramadhani mkitarajia chai ya saa nne na chakula cha mchana kama kawaida, maana kula hadharani mchana hakukubaliki. Na kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, tarehe iliyowafaa wenzenu miaka mitatu iliyopita huenda isiwafae ninyi.

SWALI: Kampuni yetu itakuwa na wajumbe 700 Mombasa. Mkurugenzi anataka shughuli zote zifanyike Mji wa Kale. Tufanyeje?
*Afisa wa mipango, Upper Hill*

JIBU: Mwambieni mkurugenzi, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba haiwezekani. Fanyeni mkutano katika hoteli za Nyali au Shanzu zilizojengwa kwa ajili ya umati wa aina hiyo, kisha muombe Makavazi ya Taifa ya Kenya ruhusa ya hafla moja ya jioni ndani ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Ngome hiyo iko ukingoni mwa Mji wa Kale, hivyo mabasi yanaweza kuifikia bila kuingia mitaani. Wanaosafiri kwa treni kutoka Syokimau watashuka Miritini, nje ya kisiwa, na msongamano wa Changamwe unaweza kula muda mwingi. Msiweke hotuba ya ufunguzi jioni ileile ya kuwasili.

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Nina nyumba ya urithi Lamu yenye vyumba tisa, nami naishi Nairobi. Ningependa kuwapokea wakurugenzi wa makampuni kwa vikao vyao, lakini wananiambia Lamu ni ya watalii tu. Niwashawishi vipi?
*Mwenye nyumba, South C*

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nyumba yako inafaa bodi ya wakurugenzi kuliko hoteli nyingi za hapa jijini, mradi usishawishike kupokea zaidi ya watu 18. Ndege hutua Manda, wageni wakavuka kwa boti, na katika mitaa ya mji hakuna magari, hivyo mkurugenzi hana njia ya kutoroka kikao kwenda ofisini. Hilo ndilo la kumweleza anayepanga. Usimpelekee picha za machweo. Mpelekee picha ya meza imara, viti ambavyo mtu anaweza kuvikalia kwa saa nne, soketi za kutosha, skrini, na taa inayomwezesha mtu wa miaka 60 kusoma hesabu usiku. Mweleze pia mizigo yao itabebwa na nani, mgonjwa atapelekwa wapi, na boti ya mwisho ya kuwahi ndege inaondoka saa ngapi.

Chakula kipikwe na akina mama wa mtaani kwako, nao walipwe siku hiyohiyo badala ya kungojea kampuni ya Nairobi ilipe ankara baada ya miezi miwili. Tanguliza fedha hizo wewe mwenyewe na uziingize katika bei. Na kabla ya kutangaza tarehe zozote, angalia kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa wakati wa Maulidi wageni hufurika Lamu kutoka pwani nzima na jamaa zako watakihitaji kila kitanda ulicho nacho.