Jibu: Kwa nini unakufa haraka katika DOOM ya 2016

Ndugu, umeuliza kwa nini unauawa mara kwa mara katika DOOM ya mwaka 2016, mchezo wa video wa kupigana na mashetani kwa bunduki, ilhali unajificha nyuma ya kuta na kulenga kwa uangalifu, kama ulivyozoea katika michezo mingine ya vita. Tatizo ni huko kujificha kwenyewe. Kampuni ya id Software, iliyotoa mchezo wa awali mwaka 1993, ilipoufufua ilirudisha kasi yake ya zamani: afya hairudi yenyewe ukitulia, wala hakuna kitufe cha kujaza risasi bundukini. Kwa hiyo shetani anapoyumba na mwili wake kung'aa, mkimbilie ummalize kwa mikono, kwa maana hapo ndipo atakapodondosha afya unayoihitaji. Na risasi zikipungua, tumia msumeno wa mnyororo, ambao humfanya adui amwage risasi kwa wingi, ingawa kwa maadui wakubwa msumeno huo hula mafuta mengi zaidi. Kwa maoni yangu, huu ndio ubunifu bora kabisa wa mchezo huu, kwani hatari ndiyo inayokuponya. Anza kwa kiwango chepesi, usisimame kamwe, na uiache DOOM Eternal ya 2020, mwendelezo wake ulio mgumu zaidi, hadi uumalize huu.